Gari la Taka Haliingii Kwetu

Mimi ni mtoto wa Vingunguti. Kabla hujanieleza habari za mashine mpya ya kumaliza taka, ngoja kwanza nikusimulie zilivyofika kwetu.

Zamani jalala la Dar es Salaam lilikuwa Tabata. Moshi na harufu vikawachosha wakazi, mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema basi: Katiba inalinda haki ya kuishi. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wa kule nao wakashtaki, nao wakapata amri. Ndipo zikaja Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi. Baadaye zikaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila zilikokwenda zilikuta watu.

Wataalamu hawakukosa dawa, bwana. Mwaka 1993 Mfuko wa Mazingira wa Dunia uliunga mkono mradi wa Takagas: taka zitoe gesi, umeme na mbolea. Kiwanda chenyewe hakikujengwa. Mwaka 1994 kampuni binafsi ikapewa kata 10 za katikati ya mji. Huko kuna lami na wenye uwezo wa kulipa. Sisi je?

Sikatai mashine. Lakini taka zetu nyingi ni maganda ya ndizi na mihogo, mboga zilizooza, ugali uliolala. Ni mbichi na nzito. Kuzichoma ni kazi, na lori la kushindilia, lililobuniwa kwa maboksi na makopo ya wenzetu, hapa linakamua maji tu. Tena barabara iko wapi? Uchochoro wetu hata jeneza hupita kwa kuinamishwa. Anayeingia ni kijana wa mkokoteni.

Kijana huyo nilisoma naye darasa moja. Ndiye anayeanza safari yote ya taka, kabla ya lori, kabla ya jalala, na hana glavu wala viatu vya maana. Juzi sindano iliyotupwa ilimchoma mguuni. Anacheka, ati ni mkwaruzo tu, lakini usiku halali. Kesho alfajiri namsindikiza akapime.

Wewe unayeota kiwanda, ota. Ila katika mchoro wako, jamani, mwoneshe na yeye anaposimama.