Skrini ya kugusa imefika ukumbini. Msimbo uko wapi?

Kumradhi wasomaji wangu kwa kimya cha wiki tatu, kazi zilinizidi. Leo nina historia kidogo, na inaanzia ndani ya ukumbi wa mihadhara hapa hapa Eldoret, mji wetu wa 64 (tangu Agosti 2024 ni jiji, ingawa ulimi bado haujazoea).

Rafiki yangu ni fundi katika chuo kimoja hapa. Jina la chuo tuliache. Aliniita nikaone ukumbi uliokarabatiwa: projekta inaning'inia darini, spika ziko ukutani, maikrofoni haina waya, na juu ya meza ya mhadhiri kuna skrini ya kugusa yenye ukubwa wa daftari, ina vitufe vya kuwasha, kuzima, kupandisha sauti na kuchagua kompyuta. Kazi safi kabisa. Tatizo ni kwamba projekta ya kwanza iliungua, wakanunua nyingine ya kampuni tofauti. Tangu siku hiyo ukigusa kitufe cha kuwasha, skrini inakuambia mfumo unawaka, lakini projekta haina habari.

"Fundi, vipi tena?" mhadhiri akauliza.

"Daktari, hiki kidude kinasema kimewasha."

"Kinasema. Mimi naona giza."

Wanafunzi kama 200 wakaangua kicheko. Daktari akatoa chaki mfukoni (ndiyo, bado anatembea nayo!) akaendelea na somo ubaoni. Waliokaa nyuma nadhani hawakuona kitu.

Mimi nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Fungua programu, badilisha amri ya projekta, pakia upya, kwisha. Nikaomba msimbo, yaani yale maandishi yenyewe ya programu. Hakuna aliyekuwa nao. Aliyefunga mitambo aliondoka nao kwenye laptopu yake, na simu yake haipatikani. Kilichobaki ndani ya kisanduku ni programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Chuo kinamiliki skrini, projekta, spika na nyaya zote, lakini hakimiliki ile sentensi moja ya kuiambia projekta iamke.

Nikarudi nyumbani najiuliza, tumefikaje hapa?

Enzi ya chaki

Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay kutoka Kanada ilipendekeza Kenya ianzishe chuo kikuu cha pili. Sheria ya Chuo Kikuu cha Moi ikapitishwa 1984, Profesa Douglas Odhiambo akawa naibu chansela wa kwanza, na wanafunzi 83 wa idara ya misitu wakahamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kampasi kuu ikajengwa Kesses, takriban kilomita 36 kutoka mjini. Ukiwa na wanafunzi 83 huhitaji mitambo. Ubao, chaki na mwalimu mwenye koo zima vinatosha.

Hesabu ikabadilika haraka. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE wakafanya mtihani 1989, mwaka ule ule wa watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita. Makundi mawili yakabisha mlango wa vyuo vikuu kwa pamoja. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya tisini, wakaongezeka wanafunzi wa kujilipia karo. Kumbi zikafurika.

Hapa ndipo mjadala wa vifaa vya sauti na picha unapoanzia, na watu wengi hukosea wakidhani ni mambo ya anasa. Sauti ya binadamu haifiki safu ya ishirini. Maandishi ya chaki hayasomeki kutoka mlangoni. Anayeumia si mhadhiri, ni yule mwanafunzi aliyechelewa matatu akakaa nyuma.

Kwa haki niseme kwamba kulikuwa na njia nyingine. Kitivo cha udaktari cha Moi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza 1990 hapa mjini, kilichagua kufundisha kwa vikundi vidogo vinavyojadili tatizo la mgonjwa. Kikundi cha watu kumi hakihitaji spika. Lakini kinahitaji walimu wengi, na walimu ni ghali kuliko spika. Vitivo vingine vikalazimika kukuza sauti na picha.

Taa, lenzi na feni

Kifaa cha kwanza ambacho wengi wetu tulikiona ni ile projekta ya karatasi angavu. Sanduku lenye taa kali chini, kioo juu, lenzi kwenye mkono wa chuma. Mhadhiri anaandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya plastiki, maandishi yanatokea ukutani (mara nyingine kichwa chini miguu juu). Kifaa kizuri sana kile! Taa ikiungua unaweka nyingine. Feni ikikwama unaisafisha vumbi. Fundi yeyote wa redio hapa mjini angekifungua akaelewa kila kitu kwa macho.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ikazindua Chuo Kikuu Huria cha kielektroniki cha Afrika, kinachojulikana kama AVU, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vya kwanza. Masomo yalirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, mwanafunzi wa Nairobi akawa anauliza swali kwa simu au faksi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini ona mwelekeo: picha ilitoka mbali, na ujuzi wa mtambo nao ukawa mbali.

Kisha zikaja projekta za kompyuta na kebo ya VGA. VGA ilitoka IBM mwaka 1987, ina pini 15 na skrubu mbili ambazo kila mara moja imepotea. Mkichomeka, mnabonyeza kitufe cha Fn na F-nne au F-saba, mnaomba Mungu. Kila mtu alijifunza. Baadaye ikaja HDMI, ambayo maelezo yake ya kwanza ya kiufundi yalitolewa Desemba 2002. Desemba 2010 Intel, AMD na watengenezaji kadhaa wa laptopu wakatangaza kwamba wataiacha VGA ifikapo 2015. Ukiwa na nyaya za VGA zilizozikwa ndani ya ukuta wa ukumbi, tangazo hilo ni bili.

Vyuo vikaanza kubadilisha mitambo. Na kwa sababu sasa kuna laptopu ya HDMI, kompyuta ya mezani, kamera ya mihadhara ya mtandaoni (tangu Machi 2020 korona ilipofunga vyuo, kamera si jambo la hiari tena) na maikrofoni mbili, mhadhiri akajikuta na rimoti tano mezani. Dawa iliyoletwa ni skrini moja ya kugusa inayotawala vyote.

Skrini ya kugusa si ya juzi

Wengi hudhani kugusa kulianza na iPhone mwaka 2007. Hapana. E. A. Johnson wa maabara ya rada ya Malvern, Uingereza, aliandika kuhusu skrini ya kugusa mwaka 1965. Pale CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Frank Beck na Bent Stumpe walitengeneza za kwao miaka ya sabini kwa ajili ya chumba cha kuongozea mtambo mkubwa wa fizikia, kwa sababu swichi zilikuwa zimezidi idadi ya mikono.

Na linalonifurahisha zaidi ni PLATO IV, mfumo wa kufundishia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Mwaka 1972 mwanafunzi aliweza kujibu swali kwa kugusa skrini ya rangi ya machungwa, iliyozungukwa na miale isiyoonekana iliyogawa kioo visehemu 16 kwa 16. Ukiweka kidole, unakata miale, kompyuta inajua ulipo. Kwa hiyo skrini ya kugusa iliingia darasani miaka 35 kabla ya kuingia mfukoni.

Kwetu nayo ilikuja kwa mlango wa watoto. Mwaka 2016 serikali ilipoanza kugawa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na JP Sá Couto ya Ureno kilikuwa mmoja wa washindi wawili wa zabuni (mwingine ulikuwa JKUAT na wenzake). Mtoto wa darasa la kwanza akagusa tabuleti huku kaka yake wa chuo bado anahangaika na skrubu za VGA.

Ndani ya kisanduku

Sasa twende kwenye ufundi, maana ndio shina la jambo. Ile skrini ya mezani haiwashi chochote. Ukigusa kitufe inatuma namba tu kwa kisanduku cha kuongozea kilichofichwa kabatini. Kisanduku ndicho chenye programu inayosema: namba 12 ikija, tuma maneno fulani kwa projekta kupitia kebo, washa spika, teremsha pazia. Kampuni kama Crestron na AMX zimetengeneza vitu hivi tangu karne iliyopita, na vinafanya kazi vizuri. Lakini kinachopakiwa ndani, kwa kawaida, ni programu iliyokwisha tafsiriwa. Asiye na maandishi ya asili hawezi kuirekebisha, anaanza upya.

Ukilinganisha na ile projekta ya karatasi angavu unaona tulichopoteza. Zamani kifaa kilikuwa wazi, ujuzi ulibaki mjini. Sasa kidole kimerahisishiwa kazi, ila ufunguo umehamia kwa mtu mmoja mwenye laptopu.

Eldoret yenyewe ina jibu

Ndugu msomaji, kinachoniuma ni kwamba mji huu huu uliwahi kutatua tatizo la aina hii, tena kwa wagonjwa. Mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mradi wa AMPATH wa kutibu UKIMWI ulipopanuka, mfumo ule mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walikuja Eldoret, wakaona hali, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS. Ni programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na leo inatumika katika nchi zaidi ya 40. Mwandishi wake akihama, akistaafu au akizima simu, hospitali haifungwi.

Sasa kama tuliweza hivyo kwa faili la mgonjwa, tunashindwaje kwa kitufe cha kuwasha projekta?

Mwisho wa kisa

Ile projekta mpya ilikuwa inaelewa PJLink, itifaki ya wazi iliyoandaliwa na chama cha watengenezaji wa Japani na kukubaliwa na kampuni nyingi. Unaunganisha kupitia mtandao kwenye mlango wa 4352, unatuma "%1POWR 1", projekta inawaka na kukujibu OK. Ukituma "%1POWR ?" inakuambia hali yake: 0 imezimika, 1 inawaka, 2 inapoa, 3 inapata joto. Maana yake skrini haina haja ya kusema uongo tena, inauliza kwanza.

Nikachukua Raspberry Pi iliyokuwa inakula vumbi kwangu, nikaandika programu fupi ya Python na ukurasa wenye vitufe vikubwa, tukaufungua kwenye tabuleti kuukuu ya rafiki yangu. Jioni mbili tu. Msimbo tumeuhifadhi sehemu tatu, na nakala iliyochapishwa imegundishwa ndani ya mlango wa kabati. Fundi amekwisha badilisha vitufe viwili mwenyewe, bila kuniita. Sauti na pazia bado, hizo zinahitaji kebo nyingine.

Kama unahusika na zabuni ya ukumbi chuoni kwako, kanisani au kwenye ofisi ya kaunti, tafadhali kabla ya kutia sahihi uliza mambo manne. Je, msimbo wa asili tutakabidhiwa? Je, nywila za kisanduku ni zetu? Je, vifaa vinaelewa itifaki za wazi? Je, fundi wetu atafundishwa kubadilisha, si kugusa tu? Hayo yaandikwe kwenye mkataba, kwa sababu siku projekta itakapoungua, na itaungua, hutakuwa na muda wa kumtafuta mtu.

Daktari naye nilimuuliza kama sasa ataacha kubeba chaki. Akacheka, akasema umeme wa Kenya Power hauna skrini ya kugusa.

Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Ukiwa na kisa cha ukumbi wako, nieleze.