Jinsi kompyuta inavyoutambua mzunguko ndani ya programu

Programu nyingi za kompyuta hutumia sehemu kubwa ya muda wake zikirudia amri zilezile chache. Kwa hiyo kompaila ya papo kwa papo, yaani chombo kinachoigeuza programu kuwa lugha ya mashine huku programu yenyewe ikiendelea kufanya kazi, hailazimiki kugeuza kila kitu. Yatosha kuutambua mzunguko unaorudiwa mno.

Njia ya kufuata nyayo ilipata umaarufu kupitia Dynamo, mradi wa watafiti wa Hewlett-Packard ulioelezwa hadharani mwaka 2000. Kwa kawaida, amri hutekelezwa kwanza moja moja na programu mkalimani. Kila utekelezaji unaporuka kurudi nyuma, mahali unapofikia huhesabiwa, kwani mzunguko lazima urudi ulikotoka. Hesabu ikifika kikomo, kompaila huanza kunakili amri zote zinazopitiwa. Nakala ikirejea pale ilipoanzia, mzunguko umekamilika, na nyayo hizo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Penye njia panda huwekwa mlinzi: hali ikibadilika, kazi hurudishwa kwa mkalimani.

Kuchagua kikomo si jambo dogo. LuaJIT kwa kawaida husubiri marudio 56, ilhali TraceMonkey, iliyotumiwa katika Firefox 3.5 mwaka 2009, ilisubiri 2 tu. Anayewahi mno hupoteza muda na kumbukumbu kwa mizunguko isiyodumu. Anayechelewa huiacha programu ijikokote.

Kuna pia mizunguko ya uongo. Funksheni moja ikiitwa kutoka sehemu mbili tofauti, anwani zake hupitiwa mara mbili, ingawa hakuna kinachozunguka. Kompaila inayotazama anwani pekee hudanganyika. Dawa ni kuangalia pia nani ameiita na itarejea wapi.

Mradi wa PyPy ulikabili ugumu zaidi, kwa kuwa kompaila yake humfuata mkalimani mwenyewe. Mkalimani huyo ni mzunguko usiokoma wa kusoma amri moja baada ya nyingine, na kila zamu yake huweza kukuta amri tofauti. Ndiyo maana mtunzi wa mkalimani hutakiwa kuonyesha ni vigezo vipi vinavyotaja mahali ilipofika programu ya mtumiaji. Mahali hapo pakirejewa, ndipo mzunguko wa kweli huhesabiwa kuwa umefungwa.