Maji Matamu ya Kuwait

Kugeuza maji ya bahari yawe maji matamu si maarifa mapya. Aristotle wa Uyunani aliandika kwamba mvuke wa maji ya chumvi, ukipoa, huwa maji yasiyo na chumvi. Mabaharia nao walilijua jambo hilo. Kilichowashinda ni kuni, kwa maana maji yaliyokwisha kuchemka, ili yageuke yote kuwa mvuke, hutaka moto zaidi ya mara tano ya ule uliyoyachemsha.

Kuwait ni ushahidi wa hayo. Nchi hiyo haina mto, na visima vyake havikuutosha mji. Majahazi yake yalifika hata Lamu na Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi na shehena za boriti. Lakini maji ya kunywa yalichukuliwa kwa vyombo kutoka Shatt al-Arab, mto wa nchi za jirani. Vyombo vikichelewa, mji ulikaa na kiu.

Mwaka 1946 Kuwait ilianza kuuza mafuta ng'ambo, na mwaka 1953 serikali ikaanzisha mtambo mkubwa wa kukeneka maji ya bahari. Maarifa yalikuwa yale yale ya kale. Kipya kilikuwa moto wa bei rahisi.

Hata hivyo, katika vita vya 1990 na 1991, majeshi ya Iraq yaliharibu mitambo mingi ya umeme na maji. Basi bahari hunyweka, lakini kwa mwenye moto, na kwa muda anaoweza kuulinda.