Kulinda Misuli Wakati wa Kubadilisha Nyonga

Kimihurura, jijini Kigali, ni sekta ya miinuko. Anayetoka Kimicanga, bondeni, kwenda juu kwenye Jumba la Mikutano la Kigali hupanda karibu njia nzima, na kila hatua uzito wa mwili huegemea nyonga moja. Kwa aliyewekewa kiungo bandia, chuma peke yake hakitoshi. Kinachomzuia asiyumbe ni msuli wa kati wa tako, ulioshikamana na kile kinundu cha mfupa wa paja unachokigusa ukiweka kiganja ubavuni mwa nyonga. Msuli huo ukilegea, fupanyonga huinamia upande wa mguu ulioinuliwa. Dalili hiyo ilielezwa mwaka 1895 na daktari Mjerumani, Friedrich Trendelenburg.

Mpasuaji huingia nyongani kwa njia kadhaa. Njia ya ubavuni, aliyoieleza mpasuaji Hardinge mwaka 1982, hubandua sehemu ya mbele ya msuli huohuo wa tako. Neva yake hupita takriban sentimita 5 juu ya ncha ya kinundu. Kisu kikivuka hapo, msuli waweza kupooza. Njia ya nyuma huuacha salama, ila hukata kano za misuli mifupi inayouzungusha mguu, na zisiposhonwa tena vizuri kiungo huwa rahisi kuteguka. Njia ya mbele hupenya katikati ya misuli bila kuikata. Wengi huisifu kwa hilo, lakini msuli usiokatwa nao huumia: vyuma vya kupanulia jeraha vikiuvuta kwa nguvu, nyuzi zake husagika. Ndiyo maana vyuma hivyo hulegezwa kila visipohitajika, na mguu hugeuzwa taratibu ili mfupa ufikike bila kulazimisha.

Jambo linalosahaulika mno ni vipimo. Kiungo bandia kikiusogeza mfupa wa paja karibu mno na fupanyonga, msuli hulegea na kukosa nguvu hata kama haukuguswa. Kwa hiyo picha za eksirei hupimwa kabla ya upasuaji, na ukubwa wa kiungo huchaguliwa kwa kuzingatia mvutano wa misuli.

Baada ya hapo kazi ni ya mgonjwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Fimbo hushikwa mkono wa upande usiopasuliwa, kwani hapo ndipo inapoupunguzia msuli mzigo. Kwenye ngazi za Kimihurura, wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia. Wakati wa kushuka, hutangulia fimbo na mguu uliopasuliwa.