Mpangaji na Mwenye Nyumba Tarime na Serengeti: Njia ya Kwenda Barazani

Kesi ya mpangaji dhidi ya mwenye nyumba ni jambo la mjini, na katika Tarime na Serengeti miji yenyewe haina umri mkubwa. Kwa Wakurya ardhi ilikuwa ya ukoo, na ugomvi ulimalizwa na wazee, mara nyingine mbele ya watu wote katika mkutano wa hadhara uitwao ritongo. Kodi ya chumba haikuwamo katika mambo hayo. Ilikuja na watumishi wa serikali, walimu, askari na wafanyabiashara waliohamia Tarime mjini, Sirari mpakani na Mugumu, makao ya Wilaya ya Serengeti iliyoundwa mwaka 1974. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulipofunguliwa Nyamongo mwaka 2002, wageni wa kazi wakaongezeka.

Sheria ilimlinda mpangaji mapema kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya mwaka 1962, kisha ya 1984, iliweka kikomo cha kodi na kumzuia mwenye nyumba kumfukuza mtu bila amri. Ile ya 1984 ilianzisha mabaraza ya nyumba ya mikoa. Kwa mtu wa Mugumu, mkoa maana yake ni Musoma, na nauli pekee ilitosha kumkatisha tamaa mwenye madai madogo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na kikomo cha kodi kikaenda nayo. Hiyo ilikuwa hasara kubwa kwa mpangaji maskini.

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi ya 1999. Inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa amani na atunze paa na kuta za nje; anayelipa mwezi kwa mwezi hastahili notisi iliyo chini ya mwezi mmoja. Mkataba usiozidi mwaka unaweza kuwa wa mdomo, na hapo ndipo mwenye nyumba mdanganyifu anapopenyea: anapokea kodi ya miezi sita bila risiti, kisha anakana. Barazani, stakabadhi ya muamala wa simu na shahidi aliyeona pesa zikitolewa ndivyo humwokoa mpangaji.

Sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 ilisogeza usikilizaji karibu. Baraza la Kata lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake, na wakili haruhusiwi kusimama humo kwa kazi yake. Tangu 2021 linasuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti huketi na wazee wawili wa baraza. Tarime ina baraza lake, ila mashauri ya Serengeti kwa miaka mingi yalipelekwa Musoma. Madai ya pesa tupu yana utata: Mahakama Kuu imetoa maamuzi yanayopingana kama ni ya ardhi au ya mkataba, na anayekosea mlango huanza upya. Rufaa zilizokuwa zikipelekwa Mwanza sasa husikilizwa Musoma, katika kanda ya Mahakama Kuu iliyofunguliwa huko.