Msuko wa Kukaza na Panja za Wanawake wa Pwani

Ndugu msomaji, jioni ya leo mama yako au mkeo atakapovua ushungi wake ndani ya nyumba, zitazame panja zake, yaani pale pembeni mwa paji la uso, juu kidogo ya masikio. Ukiona pana ngozi tupu inayong'aa, na mbele yake vimesimama vinywele vichache vyembamba kama miti iliyosazwa na shoka ukingoni mwa shamba, basi umeyaona yale ninayotaka kuzungumza nawe. Wengi husema ni uzee. Wengine husema ni uzazi, na wapo wasemao ni jicho la mtu. Mara nyingi si hayo. Ni msuko.

Usidhani nimekuja kuutukana msuko. Msuko ni jadi yetu, tena ni jadi ya kale katika nchi hii ya Bagamoyo. Wazaramo, Wakwere na Wadoe walichonga kijisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, akapewa mwali akae nacho ndani wakati wa unyago wake. Kijisanamu hicho hakina mikono wala miguu, lakini kichwani kina mashungi mawili yaliyosimama kwa fahari, na wajuzi wa sanaa husema kuwa hayo ndiyo mapambo ya nywele ya wanawake wa zamani. Fundi aliona inafaa kuacha mikono na miguu, lakini nywele hakuthubutu kuziacha. Nami huona kuwa neno shungi na neno ushungi yanafanana mno, wala sidhani ni kwa bahati tu.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, mambo yalikuwa hayo hayo. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliandika habari za maisha yake katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886. Humo ameeleza jinsi nywele za wasichana wa nyumba yao zilivyosukwa misuko mingi myembamba, ikakusanywa nchani na kuning'inizwa pambo la dhahabu mgongoni. Mimi kila nikiyasoma maelezo hayo huwaza ule uzito wa dhahabu, na kichwa cha mtoto kilichokuwa kikiubeba.

Hata zama za Mtume (s.a.w.) wanawake walisuka, na walikaza. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Ummu Salama, mkewe Mtume, alimweleza kuwa yeye ni mwanamke anayekaza msuko wa kichwa chake, akauliza je, aufumue kwa ajili ya josho la janaba? Mtume akamjibu kuwa hapana, yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Na Bibi Aisha alipopata habari kuwa Abdullah bin Amru anawaamrisha wanawake wafumue misuko yao kila wanapooga, alistaajabu na kuuliza mbona basi asiwaamrishe wanyoe vichwa kabisa. Kwa hiyo dini haikuja kumsumbua mwanamke katika nywele zake. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wameweka sharti: maji yafike ndani ya msuko. Msuko uliokazwa hata maji yasiingie, ni lazima ufumuliwe. Ndugu yangu, hebu lipime sharti hilo kwa misuko ya leo, iliyochanganywa na nyuzi za plastiki na kukazwa kama ukili wa jamvi.

Tuirudie historia, maana ndani yake ipo sababu ya maradhi haya kujificha. Katika karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa mlango wa misafara ya pembe na ya watumwa, kichwa cha mwanamke kilitangaza hadhi yake. Mwungwana alitoka amejifunika, na mjakazi alikwenda kichwa wazi. Utumwa ulipokomeshwa, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliokuwa wamenyimwa stara hiyo waliikimbilia kwa furaha, kwa kanga na kwa buibui, na haki yao. Tangu hapo kichwa cha mwanamke wa pwani kimekuwa siri ya nyumba. Ni jambo jema, lakini siri hiyo hufunika na ugonjwa pia. Mwanamume akipata kipara, mtaa mzima utamwona na kumtania. Mwanamke panja zake zikinyonyoka, huvuta ushungi mbele kidogo, mwaka hata mwaka, na hakuna ajuaye ila mto wake wa kulalia. Akija kumwambia mganga, shamba limekwisha kuwa jangwa.

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu aliwasuka dada zangu barazani, yeye juu ya kibao, mtoto chini kwenye mkeka, kichwa kimelazwa pajani. Palikuwa na bakuli la mafuta ya nazi na chanuo la mti. Msuko wenyewe mara nyingi ulikuwa twende kilioni, ile mistari ya kurudi nyuma isiyo na madaha, au mabutu kwa watoto wadogo. Haukudumu. Baada ya wiki moja au mbili ulikuwa umechakaa, ukafumuliwa, kichwa kikaoshwa na kupakwa mafuta, na siku mbili tatu nywele zikapumzika. Sisemi kuwa bibi alikuwa daktari. Ulikuwa ni msuko wa nywele zake mtu mwenyewe, bila ya kuongezwa kitu, nao ukilegea hulegea. Ile kulegea ndiyo iliyokuwa salama yake.

Kisha yakaja mambo mapya. Mawigi yalienea mijini miaka ya 1960, hata Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ukayapiga vita mawigi, sketi fupi na dawa za kujichubua kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Wigi likapigwa marufuku, lakini hamu ya nywele ndefu haikupigwa marufuku. Miaka iliyofuata zikaingia dawa za kulainisha nywele, kisha nywele bandia za kusukia, ndizo tunazoziita rasta. Hapo msuko ukabadilika tabia. Nywele bandia zina uzito, na ili zishike hutakiwa zikazwe tangu shinani. Na kwa kuwa ni ghali na kazi yake huchukua saa nyingi, mwenye kichwa hataki kuzifumua baada ya wiki mbili. Hukaa nazo miezi miwili, na wengine zaidi.

Sasa sikiliza jinsi madhara yanavyoingia. Kila unywele umeota ndani ya kifuko kidogo katika ngozi. Ukiuvuta mara moja na kuuachia, hudhuriki. Ukiuvuta mchana na usiku, wiki baada ya wiki, kifuko huvimba na kuuma. Dalili ya kwanza ni maumivu, mtu hawezi kulala ubavu wala kukunja uso. Ya pili ni vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, pengine vyenye usaha. Ya tatu nywele hukatika na kupungua, hasa kwenye panja na juu ya paji, maana huko nywele ni nyepesi na mvuto ni mkali. Kufikia hapo bado pana faraja: ukiuacha msuko wa kukaza, nywele huota tena baada ya miezi. Lakini ukiendelea kwa miaka, kifuko hufa, pakafanyika kovu, na kovu halioti nywele. Mafuta ya nazi hayataliotesha, wala kitunguu maji, wala dawa ya chupa inayouzwa stendi. Na nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha huwa dhaifu, hivyo kuzitia dawa kisha kuzisuka kwa kukaza ni kuzipiga mara mbili.

Msidhani ni balaa la weusi peke yao. Mwaka 1907 daktari mmoja, Trebitsch, aliuandika ugonjwa huu alipouona kwa wanawake wa Greenland, nchi ya barafu, waliokuwa wakizikusanya nywele na kuzifunga kwa nguvu utosini. Hata leo upo upara wa kuvutwa unaobeba jina la nchi hiyo katika vitabu vya uganga. Umeonekana pia kwa vijana wa Kisingasinga wanaofunga nywele fundo chini ya kilemba. Basi na wewe dada unayezivuta nywele nyuma ukazifanya fundo gumu chini ya ushungi, umo. Ushungi hauna kosa, kosa ni la lile fundo.

Lakini ni kweli kuwa sisi Waafrika tumeumizwa zaidi. Mwaka 2007 Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Afrika Kusini na wenzake walivipima vichwa vya watu mjini Cape Town, wakakuta upara huu kwa karibu mwanamke mmoja katika kila watatu. Kwa wasichana wa shule walikuta kama 17 katika kila 100. Hao ni watoto, ndugu msomaji, ambao hawakuchagua msuko wala hawakumlipa msusi.

Yupo atakayesema: panja zikishanyonyoka, nitaunga nywele juu yake. Hilo limeulizwa zamani. Bibi Asma binti Abi Bakr amepokea kuwa mwanamke mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa bintiye ameugua, nywele zimemnyonyoka, naye anaozwa. Je, amuunge? Mtume akamkataza, akamlaani mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kuhusu nyuzi za sufu au hariri zisizodhaniwa kuwa ni nywele, wanavyuoni wamekhitilafiana, nawe mwulize mwalimu wako. Ninalolitazama mimi hapa ni kuwa nywele za kuungia ndizo mara nyingi zilizokuwa sababu ya ule upara, na mtu huurudia moto ule ule uliomchoma ili afunike kidonda chake.

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa miaka saba, alisukwa hapa mjini kwa ajili ya arusi ya jamaa. Akasukwa rasta nyembamba, zimekazwa hata nyusi zikapanda juu. Usiku ule akalia. Mama yake akampa dawa ya kuumwa kichwa, akamwambia avumilie, urembo una taabu zake. Siku ya tatu vipele vyenye usaha vilijipanga mbele ya kichwa kama shanga. Bibi yake, ambaye macho yake hayaoni vizuri tena, alipapasa kwa vidole, akauliza, "Nani amemfunga mtoto huyu kamba?" Kisha akaketi naye chini, akaanza kufumua kwa mkia wa chanuo, mstari kwa mstari, na kabla hajafika nusu mtoto alikuwa amelala usingizi pajani mwake. Mama yake alisimama mlangoni akitazama, hakusema neno.

Tulimpeleka hospitali. Tusisahau kuwa hapa nchini tuna waganga wa ngozi waliofundishwa kazi hiyo, maana Moshi, kando ya Hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi tangu mwaka 1992, na Muhimbili pia kuna kliniki ya ngozi. Huyo aliyemtazama mpwa wangu alimpa dawa ya vile vipele, akaagiza kichwa kiachwe wazi miezi mitatu, bila msuko, bila uzi, bila dawa ya kulainisha. Akamwambia mama maneno ambayo kila msusi wa kuanzia Kunduchi na Mbweni mpaka Kaole na Saadani angefaa kuyasikia: msuko ukiuma, umekazwa, na dawa yake ni kufumuliwa, si kidonge.

Nywele za mtoto zimerudi, ila upande wa kushoto panaonekana pepesi kidogo. Siku hizi husukwa mabutu, au twende kilioni ya mistari mipana, hufumuliwa baada ya wiki mbili. Juzi nilimkuta amekaa kwa msusi barazani. Kichwa ameinamisha, miguu ameikunja, mara akainua mkono akagusa panja lake na kusema, "Shangazi, hapo panauma." Msusi akacheka, akaurudia mstari ule tangu mwanzo, akaulegeza.