Mshale wa APL: lugha iliyoishi bila "if"

Sisi tuliofundishwa Java chuoni hudhani programu haiwezekani bila if. APL iliwezekana. Lugha hii ilitokana na kitabu cha Kenneth Iverson cha 1962, na kufikia 1966 ilikuwa inatumika ndani ya IBM. Kubadilisha njia kulikuwa na alama moja: →.

→5 inaruka hadi mstari wa 5. →0 inatoka kwenye funksheni. Na masharti je? Unaandika:

→(N>10)/MWISHO

Sharti hutoa 1 au 0. Ikiwa 1, lebo MWISHO inabaki. Ikiwa 0, inaondolewa na orodha inabaki tupu. Mshale ukikosa pa kwenda, programu inaendelea na mstari unaofuata. Ujanja mtupu!

Lakini huo mshale ni goto, ile ile ambayo Dijkstra aliishambulia mwaka 1968. Programu ndefu zenye mishale mingi zilikuwa taabu kufuata, na miaka ya 1990 Dyalog APL ikaongeza :If na :While.

Hata hivyo, mara nyingi mshale haukuhitajika kabisa. Jumla ya namba zote zinazozidi 10 kwenye orodha X ni hii tu:

+/(X>10)/X

Hakuna lupu wala if. Kabla hujaandika if nyingine leo, jiulize: je, data yenyewe haiwezi kujichuja?